Kusomea kuvu ukubwani: njia niliyopita kutoka Mafinga

Mvua zikianza tu Mafinga, simu yangu haitulii. Wanaopiga wengi ni wakulima wenzangu wa uyoga mamama (ule uitwao pia oyster), watu wa miaka 35, 40 na kuendelea: "Dada, na sisi tusome wapi haya mambo hadi tupate cheti?" Nimeamua kuandika jibu lote mahali pamoja.

Jambo la kwanza kujua: ukienda dirisha la udahili, iwe Iringa au Mbeya, ukasema unataka kusomea kuvu (fangasi, yaani jamii ya uyoga na ukungu), utaambiwa kozi hiyo haipo. Kwa jina hilo ni kweli haipo. Somo lenyewe lipo, limo ndani ya kilimo, ndani ya botania, ndani ya maikrobiolojia na ndani ya misitu. Mimi nilirudi nyumbani mara mbili kwa sababu ya kuuliza jina badala ya kuuliza kilichomo.

Hatua ya 1: Jua ni kuvu ipi inayokuvuta

Kama ni kuotesha uyoga wa kuuza, utahitaji maikrobiolojia na kilimo cha bustani. Kama ni magonjwa ya mazao, yaani chulebuni kwenye kahawa ya Mbozi au kutu kwenye ngano, hiyo ni afya ya mimea. Sumukuvu kwenye mahindi na karanga inafundishwa zaidi upande wa sayansi ya chakula.

Kuvu za msituni nazo zina utajiri wao. Miti ya paina ya shamba la miti la Sao Hill haistawi bila kuvu zinazoishi kwenye mizizi yake. Ndiyo maana tangu zamani wakuza miche huchukua udongo chini ya paina waliokomaa na kuuchanganya kwenye kitalu kipya. Miti mingi ya miombo nayo iko hivyo. Uyoga unaouona juu ya ardhi baada ya mvua ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizo udongoni, zimeshikana na mizizi, zinaupa mti maji na madini na kupokea sukari. Ukivutwa na hilo, tazama botania, ikolojia au misitu.

Usishangae ukikuta darasani mambo uliyoyajua yakipangwa upya. Wakulima wa viazi Njombe na Mbeya huuita ugonjwa wa bakajani "ukungu", na dawa wanayopiga huitwa dawa ya ukungu. Lakini kisababishi chake, Phytophthora infestans, si kuvu halisi. Ni ndugu wa karibu zaidi wa mwani wa kahawia. Kuta za seli zake zimejengwa hasa kwa selulosi na jamii yake, wakati kuvu halisi hujenga kuta zake kwa kaitini, kitu kilekile kilicho kwenye gamba la mende. Siku niliyoelewa hilo nilijua kwa nini baadhi ya dawa zinazoua kuvu nyingine hazifui dafu kwa bakajani. Pamoja na hayo, bakajani inafundishwa kwenye somo la kuvu, kwa hiyo usiiruke.

Hatua ya 2: Pima vyeti vyako

Kama uliishia darasa la saba, kama mimi, mlango wako ni Mtihani wa Maarifa wa NECTA, ule unaoitwa QT. Ukifaulu, unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wa kuwaandaa watu wa aina yetu, na vituo binafsi vipo vingi.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kituo kimoja nilichosoma kilinisajili Uraia, Historia, Kiswahili na Jiografia, basi. Walimu wa sayansi hawakuwapo na hakuna aliyeniambia. Nilifaulu nikafurahi, kisha nikapeleka maombi ya kilimo na kuambiwa sina Baiolojia wala Kemia. Mwaka mzima ukapotea, na ada ya watoto wangu nilikuwa nimeigusa. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, omba uoneshwe orodha ya masomo utakayosajiliwa, na umuulize mwalimu wa Kemia kwa jina.

Mwenye kidato cha nne chenye masomo ya sayansi anaanzia astashahada ya kilimo, kisha stashahada. Mwenye kidato cha sita au stashahada yenye alama nzuri anaomba shahada moja kwa moja. Ukiwa na uzoefu mrefu wa kazi bila vyeti vya kawaida, ulizia mtihani wa RPL (wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa) unaosimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Hatua ya 3: Linganisha vyuo kwa mtaala

Chuo cha kilimo cha MATI Uyole, Mbeya, ndicho kilicho karibu na wengi wetu, na kiko jirani na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI. Chuo Kikuu Huria kina vituo Iringa na Mbeya. Kinamfaa asiyeweza kuacha familia na banda la uyoga. Kwa shahada za kilimo na misitu kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa kuvu wenyewe, akiwamo Profesa Donatha Tibuhwa, aliyechapisha tafiti za uyoga wa porini wa Tanzania. Mkwawa, hapo Iringa, ni chuo kishiriki chake, kizuri kwa anayetaka kuwa mwalimu wa Baiolojia.

Kila mahali uliza maswali matatu: Somo lipi ndani ya kozi linafundisha kuvu, na kwa muhula mzima au wiki mbili tu? Mazoezi ya hadubini yanafanyika wapi na kwa siku ngapi? Nani atanisimamia nikitaka kuandika utafiti wangu juu ya uyoga? La mwisho lina uzito kuliko yote. Kozi ya jina la kawaida yenye msimamizi anayependa kuvu inazidi kozi ya jina zuri isiyo naye.

Hatua ya 4: Anza daftari la sampuli leo

Hili halihitaji barua ya udahili. Kila uyoga unaouchuma, andika tarehe, mahali, mti ulio jirani, harufu, na rangi inavyobadilika ukikata. Andika pia jina la kienyeji na uliyemsikia akilitaja. Bibi aliyenifundisha kuchuma aliniambia, "Mwanangu, huu wa kichuguu usiutafute pasipo na mchwa." Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mchwa huulima uyoga huo, Termitomyces kwa Kilatini, ndani ya kichuguu na kula bustani yake. Bibi alikuwa amenipa somo la ikolojia kwa sentensi moja. Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi nao, katika kitabu chao cha uyoga wa Tanzania cha mwaka 2003, waliandika majina ya wenyeji kando ya yale ya kisayansi.

Halafu chukua chapa, yaani alama ya spora, vumbi la uzazi la uyoga. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bilauri, acha hadi asubuhi. Ukiinua utakuta vumbi limepangika kama miale ya jua. Termitomyces huacha rangi ya waridi iliyopauka, Amanita, jamii nyingine ya uyoga, huacha nyeupe. Amanita fulani huua, na dalili zinaweza kuchelewa saa 6 hadi 24 huku ini likiharibika. Chapa inakusaidia kutambua. Haikuambii kama uyoga unalika.

Hatua ya 5: Lugha

Masomo ya sayansi ya sekondari na chuo ni kwa Kiingereza, na majina ni ya Kilatini. Niliandika maneno matano kila jioni nikisubiri mvuke wa pipa la kuchemshia pumba. Ilitosha.

Hatua ya 6: Panga mwaka wako

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba. Na huku kwetu mvua za kwanza, pamoja na uyoga wa kwanza wa vichuguu, zinaweza kuanguka Novemba hiyohiyo. Mwaka wa mtihani wangu binti yangu ndiye aliyeenda kuchuma. Alikausha vipande kwa moto mdogo, akaandika tarehe na mti kwenye bahasha, na nilipotoka kwenye Kemia nilikuta bahasha 11 mezani.