Tuzo za riwaya: jinsi ya kuzitumia kupata kitabu kipya ukiwa Tabora

Maduka mengi ya vitabu mjini yanaishi kwa vitabu vya shule, na rafu ya riwaya ya maktaba huisha haraka ukiwa msomaji wa kweli. Kinachobaki ni kuagiza Dar es Salaam au kupakua kwenye simu. Ukichagua vibaya, umepoteza nauli ya kifurushi au bando. Tuzo zitakuokoa, mradi usiishie kwa mshindi. Hazina iko kwenye orodha ya walioingia fainali.

Hatua ya 1. Andika daftarini vitabu vitano ulivyovipenda na viwili vilivyokushinda kumaliza. Mbele ya kila kimoja eleza sababu kwa maneno machache: fumbo, kasi, lugha, wahusika.

Hatua ya 2: Jua nani anapiga kura. Wengi huiruka hatua hii, kisha huilaumu tuzo.

Hugo, tuzo ya bunilizi za kisayansi na fantasia iliyoanza 1953, hupigiwa kura na mashabiki waliolipia uanachama wa mkutano wa Worldcon. Orodha yake inakuonyesha kilichopendwa na wasomaji. Nebula, ya aina hiyohiyo ya vitabu, hupigiwa kura na waandishi wenyewe, kwa hiyo ufundi wa uandishi hupewa uzito. Tuzo ya Arthur C. Clarke, ya bunilizi za kisayansi, iliyoanza 1987, ina jopo dogo la majaji linalosoma vitabu vilivyotoka Uingereza, na mara nyingi huibua majina usiyoyatarajia.

Kwa riwaya za kipelelezi, anza na Edgar, ya chama cha waandishi wa mafumbo cha Marekani. Usikimbilie kundi la riwaya bora. Fungua kundi la riwaya ya kwanza ya mwandishi: ukimpenda, utamfuata tangu mwanzo.

Nommo, iliyotolewa mara ya kwanza 2017, ni ya waandishi wa Afrika wa fantasia na bunilizi za kisayansi, na ina nafasi ya hadithi fupi na ya katuni.

Kwa Kiswahili tunazo Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Hizi hazitenganishi upelelezi na mapenzi, riwaya zote hushindana pamoja. Soma muhtasari kwanza.

Hatua ya 3: Ipime tuzo. Tafuta waandishi wa vitabu vyako vitano katika fainali za miaka kumi. Ukiwakuta wawili, tuzo hiyo inakufaa. Ukikuta humo pia kimoja kati ya viwili vilivyokushinda, iweke kando kwanza.

Kama vitano vyako vyote ni vya Kiswahili, hutavikuta kwenye tuzo za nje. Pima kwa hadithi fupi. Katika Hugo na Nebula, hadithi fupi haifiki maneno 7,500, na nyingi zilizoingia fainali husomwa bure kwenye majarida ya mtandaoni kama Clarkesworld, Uncanny na Lightspeed. Ukurasa wa maandishi matupu hauli bando. Soma tatu za mwaka mmoja. Zisipokushika zote tatu, hamia tuzo nyingine. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hiki.

Hatua ya 4: Chora jedwali la walioingia fainali. Chukua miaka mitano ya tuzo iliyokufaa. Tangu 2017 Hugo huingiza riwaya sita fainali, hivyo utapata majina 30. Zungushia mwandishi aliyetokea mara mbili au zaidi bila kushinda. Huyo ndiye wa kuanza naye, kwa sababu wapiga kura wamemrudia bila kusukumwa na sifa za ushindi.

Hapa ndipo watu hukosea. Mwaka wa tuzo si mwaka wa kitabu: Hugo ya 2018 ilikwenda kwa vitabu vya 2017, na muuzaji ukimtajia 2018 anaweza kukujibu hakuna. Kosa baya zaidi ni mfululizo. N. K. Jemisin alishinda Hugo ya riwaya 2016, 2017 na 2018 kwa juzuu tatu za hadithi moja, kwa hiyo anayeagiza ya 2018 anaanzia mwisho. Angalia namba ya juzuu kabla ya bei.

Iko pia miaka ya kuwa nayo makini. Mwaka 2015 mashabiki waliojipanga waliingiza kazi walizozitaka kwenye fainali za Hugo, na wapiga kura wakachagua “hakuna mshindi” katika makundi matano ya tuzo. Mwaka 2023 kazi kadhaa ziliondolewa bila sababu kuelezwa. Na Safal-Cornell hupokea miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo mshindi akitangazwa, kitabu kinaweza kuwa bado hakipo dukani.

Hatua ya 5: Agiza. Soma kwanza sura ya mfano, ambayo maduka mengi ya mtandaoni huitoa bure. Usiposisimka kufikia kurasa 20, acha. Ulizia maktaba ya mkoa kabla ya kununua. Ukinunua Dar, mwombe muuzaji picha ya jalada na ya ukurasa wa haki za uchapishaji, ujue ana nakala mkononi na ni juzuu gani. Afunge kwenye boksi gumu badala ya bahasha, maana kona za jalada huvunjika kwenye buti la basi, kisha akutumie picha ya risiti ya kifurushi kabla gari halijaondoka.