Mgeni wako hali nyama? Muulize kwanza haya kabla ya kubandika sufuria

Ukiishi Uingereza, Ujerumani au Kanada, iko siku utamwalika mfanyakazi mwenzako chakula na atakujibu, "Nitakuja, ila mimi sili nyama." Wengi wetu tumezoea kumpakulia mtu wa namna hiyo mchuzi na kumwondolea minofu. Huko haitoshi. Wali uliopikwa kwa supu ya mbuzi ni nyama kwake, hata kama sahani haina kipande.

Wasiokula nyama wako wa aina nyingi. Wengi hula mayai, maziwa na jibini, na hao hawasumbui. Wahindu wengi wasiokula nyama hutumia maziwa, mtindi na samli lakini mayai hawagusi, kwa hiyo keki ya kawaida hawaili. Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini ya India, huenda mbali zaidi: viazi, karoti, vitunguu na kitunguu saumu wanaviacha, kwa kuwa kung'oa kilicho ardhini huua mmea mzima pamoja na vijidudu vya udongoni. Wapo pia wanaoacha nyama lakini samaki wanakula. Hilo liulize, usilikisie, maana kijiko kimoja cha unga wa dagaa kwenye mchicha kinatosha kumfanya mgeni asiyekula samaki alale na njaa.

Halafu kuna vegani. Jina hilo lilianza Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake walipoanzisha Vegan Society. Hawali chochote kinachotokana na mnyama: nyama, samaki, maziwa, samli, mayai, hata asali.

Basi muulize mgeni: maziwa unatumia? Mayai je? Samaki? Akiwa Mjaini, ongeza vitunguu na viazi. Hakuna atakayekuona mshamba kwa kuuliza. Watu hawa wamezoea kuulizwa na hushukuru.

Jambo la kufurahisha ni kwamba jiko letu limejaa vyakula vya vegani. Maharage ya nazi, mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, githeri, ugali kwa sukuma wiki: vyote viko tayari, mradi usitie kidonge cha supu ya kuku au ng'ombe. Chapati ndizo za kuangalia. Kanda unga kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta ya alizeti, acha donge lipumzike nusu saa, kisha kunja na kuchoma kwa mafuta hayo hayo. Samli, maziwa na yai viache kando. Mahamri nayo yakande kwa tui la nazi, kama Pwani wanavyofanya siku zote. Tumia pia mwiko wa peke yake. Usikoroge kuku kisha ukaurudisha kwenye maharage.

Dukani, kuna njia ya mkato. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inataka viambato vinavyosababisha mzio vionekane wazi kwenye orodha, mara nyingi kwa herufi nzito. Maziwa, mayai na samaki vimo, hivyo utaviona haraka. Nyama na jelatini (kigandishio kinachotiwa kwenye peremende) hazimo, kwa hiyo hapo soma orodha yote. Jelatini nyingi hutoka kwa nguruwe au ng'ombe, jambo linalomhusu pia Mwislamu anayewanunulia watoto peremende.

Ukitaka kula nje na mgeni wa aina hii, tafuta mgahawa wa Kihabeshi. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai Jumatano na Ijumaa na kwa wiki nyingi kabla ya Pasaka, kwa hiyo vyakula vya mfungo vya dengu na mboga juu ya injera, mkate wao laini kama chapati, hupatikana kwa urahisi. Leicester na Wembley, huko Uingereza, nako kuna migahawa ya Wahindi isiyouza nyama kabisa, na kwenye baadhi yao utakuta mihogo ya kukaanga, kumbukumbu ya familia zilizotoka Uganda na Kenya.

Na mwanao akitangaza kwamba ameacha nyama, msimgombeze wala kumcheka. Ila akiacha pia maziwa na mayai, hakikisha anapata vitamini B12 kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezewa, kwani maharage na mboga za majani hazina. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula, maana hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini. Chungwa au limao husaidia. Akianza kuchokachoka bila sababu, mpeleke kwa daktari apimwe damu.