Resolute hadi Grise Fiord: piga hesabu kabla ya kufunga begi

Mimi ni fundi wa boila, mzaliwa wa Tanga, na kazi imenipeleka Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako hakuna barabara kati ya kijiji na kijiji. Kila mwenzangu anayepata kazi huko huniuliza kutoka Resolute hadi Grise Fiord ni mbali kiasi gani. Hesabu yake naifanya hivi, kwa kikokotoo cha simu.

Kwanza, usikadirie kwa macho. Ramani nyingi za ukutani huitanua kaskazini hata visiwa vinaonekana kama bara.

Resolute iko digrii 74.7 Kaskazini na 94.8 Magharibi. Grise Fiord ni 76.4 na 82.9. Tofauti ya latitudo ni 1.7, zidisha kwa kilomita 111, upate 189.

Longitudo ndiyo inayotuangusha sisi watu wa ikweta. Tofauti ni 11.9, na kwetu Tanga digrii moja ya longitudo nayo ni karibu kilomita 111, kwa hiyo mkono unakimbilia kuandika 1,321. Futa! Mistari hiyo hukutana kwenye ncha ya dunia kama pande za chungwa zinavyokutana kikonyoni, na huko juu imeshasogeleana sana. Chukua kosaini ya latitudo ya katikati, digrii 75.5: jibu ni 0.25. Robo tu. Digrii moja huko ni kama kilomita 28, na 28 mara 11.9 ni 333.

Malizia kwa Pythagoras wa shule ya msingi: vipeo vya pili vya 189 na 333, jumlisha, tafuta kipeuo. Kilomita 383.

Sasa muda. Uwanja wa Grise Fiord ni mfupi, wa changarawe, umebanwa na milima, kwa hiyo hutua ndege ndogo kama Twin Otter. Mimi huikadiria kilomita 270 kwa saa: saa moja na dakika 25, kisha jumlisha kama dakika kumi za kupanda na kushuka. Upepo wa mbisho wa kilomita 50 kwa saa ukiikabili, ongeza dakika 20.

Angalia na saa yako. Grise Fiord iko mbele ya Resolute kwa saa moja: ukiondoka saa nne asubuhi, unafika saa sita na nusu kwa saa za huko, au imepita kidogo.

Halafu beba chakula na dawa za siku kadhaa za ziada. Ukungu ukishuka, hesabu yote hii inasubiri. Nilipanga kulala usiku mmoja, nikalala minne.

Katika siku hizo nilisimama mbele ya sanamu ya Grise Fiord: mama, mtoto na mbwa. Mwaka 1953 serikali ilizihamisha familia za Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini, kutoka Inukjuak, karibu kilomita 2,000 kusini, kisha ikazigawa kati ya vijiji hivi viwili. Serikali iliomba radhi mwaka 2010. Mama yule anatazama upande wa Resolute. Huko Resolute kuna sanamu ya mwanamume peke yake, anatazama Grise Fiord.