Somo: Kuchagua na Kutumia Akaunti ya Biashara kwa Kituo cha Kulelea Watoto Mchana

Mwendo wa fedha wa kituo cha watoto haufanani na wa duka. Ada huingia kwa wingi katika siku chache za mwanzo wa mwezi, kisha hutoka kidogo kidogo kwa maziwa, unga wa lishe, gesi na sabuni, mpaka mishahara ya walezi inapofika. Kwa vituo vilivyo jirani na mwalo wa Kirumba (ufukwe wanakoshushia samaki), hapa Mwanza, kuna la ziada: wazazi wengi huishi kwa dagaa, nao huvuliwa kwa taa gizani, hivyo siku za mbalamwezi wazazi hao hukwama, na ada zao hufuata mwezi wa angani kuliko wa kalenda. Akaunti ichaguliwe kwa kuutazama mwendo huo, wala si kwa tangazo la benki.

Hatua ya kwanza ni daftari. Andika, kwa mwezi mmoja, fedha iliingia mara ngapi, kwa njia gani, na ikatoka mara ngapi.

Hatua ya pili, omba jedwali la tozo lililochapishwa kutoka benki mbili au tatu, na usiridhike na maelezo ya mdomo. Tuseme, kwa mfano tu, benki moja hukata shilingi 10,000 kwa mwezi na 1,000 kwa kila muamala wa kutoa, na nyingine haikati kitu kwa mwezi ila hutoza 2,500 kwa kila muamala. Anayetoa mara 4 atalipa 14,000 kwa ya kwanza na 10,000 kwa ya pili. Anayetoa mara 20 atalipa 30,000 kwa ya kwanza na 50,000 kwa ya pili. Neno “bure” lisikupumbaze kabla hujalipitisha kwenye daftari lako.

Hatua ya tatu ni nyaraka: cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA na cheti cha usajili wa kituo.

Hatua ya nne, omba lipa namba iliyounganishwa na akaunti, na uulize makato yake yanabebwa na nani, mzazi au kituo. Mzazi anapomfuata mtoto jioni, mlezi auone ujumbe wa malipo na kuandika jina la mtoto papo hapo, kwa maana ada nyingi hulipwa kwa simu ya shangazi au jirani, na jina linalotokea kwenye muamala huenda hulijui kabisa.

Maswali ya wenye vituo

Swali: Shikamoo mwalimu. Wazazi wangu hulipa taslimu kila siku. Je, niipeleke benki kila jioni?

Jibu: Marahaba. Si lazima. Ipeleke kwa wakala mara mbili kwa wiki, ukiacha ya matumizi ya siku mbili tatu, ili usilipie kutoa fedha uliyoiweka jana. Ila usilaze kituoni fedha ambayo ikipotea itakuzuia kulipa mishahara.

Swali: Kwa nini nisiendelee na akaunti yangu binafsi?

Jibu: Kama umesajili jina la biashara tu, si kampuni, sheria haikutenganishi nalo, lakini afisa mikopo husoma taarifa ya akaunti. Ada zikichanganyika na michango ya harusi, dada yangu, hataweza kujua kituo kinaingiza kiasi gani.

Swali: Nimeahidiwa mkopo wa shilingi milioni 6 kwa riba ya asilimia 18, mwaka mmoja. Ni nafuu?

Jibu: Uliza kwanza riba inahesabiwaje. Ikihesabiwa kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, utalipa riba ya shilingi 1,080,000. Ikihesabiwa kwa deni linalobaki, na marejesho ya kila mwezi yakiwa sawa, riba itakuwa karibu shilingi 601,000. Asilimia ni ileile. Omba ratiba ya marejesho kwa maandishi kabla ya kutia saini, na uombe tarehe ya rejesho iwe baada ya ada kuingia.