Namna ya kucheza PUBG Mobile kama kikosi cha marafiki wanne mkiwa Bukavu

Marafiki wanne wenye shabaha nzuri bado si kikosi. Katika PUBG Mobile, ambamo watu 100 hushuka kwa miavuli kwenye ramani moja na ushindi huwa wa wale watakaobaki hai mwishoni, sisi wa Kadutu na Ibanda, hapa Bukavu, tulishindwa mechi nyingi kwa sababu ya maneno kuliko kwa sababu ya kulenga vibaya: mmoja alipaza sauti "yuko hapa!", na watatu waliobaki hawakujua hapo ni wapi. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye namna ya kusemezana.

Kabla ya kufungua mchezo, kubalianeni saa, tena mseme ni saa ya wapi. Mwenzetu wa nne anasoma Kinshasa, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na jioni ya kwanza tulipopanga kukutana saa mbili usiku tulimngoja hadi betri ya mdogo wangu ikashuka chini ya nusu, ilhali yeye alikuwa bado yuko mezani anakula. Siku hizi tunaandika "saa mbili ya Bukavu". Simu zijazwe moto mapema, na kama umeme haukuja nyumbani, ni afadhali kuipeleka simu mchana kwenye kibanda cha kuchajisha kuliko kuiona ikizimika mmebaki vikosi viwili. Matoleo mapya na ramani zipakueni siku moja kabla, maana mwenye toleo la zamani hawezi kuingia pamoja na wenzake, na upakuaji huo ndio unaokula mega, kuliko mechi yenyewe.

Kuhusu mtandao, tazameni namba ya milisekunde inayoonekana kwenye kioo, yaani muda ambao mtandao unachelewa. Ikiwa chini ya 100, mchezo huenda vizuri. Ikipita 200, adui unayemwona mlangoni huwa amekwisha kuvuka. Kikosi kizima hucheza kwenye seva moja, kwa hiyo chagueni ile ambayo hata mwenye mtandao dhaifu anaiweza. Mji wetu ni wa vilima, na kuhama kutoka chumba cha nyuma hadi kwenye dirisha linaloelekea mnara huweza kuiokoa jioni nzima. Jambo jingine ni kwamba kwenye simu nyingi mtu akikupigia, intaneti husimama mpaka mazungumzo yaishe. Waarifuni watu wa nyumbani mapema. Simu ya mama haikatwi, na wenzako wasikulaumu kwa hilo.

Visikizio ni vya lazima, kwa kuwa hatua za adui husikika upande ule anaotokea, na anayetegemea spika ya simu hawezi kuutambua upande huo vizuri. Ipo na sababu ya pili, ya kwetu wenyewe: katika mji ambao watu wamesikia milio ya kweli, sauti ya bunduki ya AKM ikitoka simuni usiku humwamsha jirani kwa hofu. Vichomekeni kabla hamjaruka kutoka kwenye ndege.

Sasa maneno yenyewe. Juu ya kioo kuna dira yenye namba za nyuzi. Taarifa nzuri ina vitu vitatu kwa mpangilio usiobadilika: idadi ya maadui, namba ya dira, na kitu kinachowaficha. "Wawili, 210, nyuma ya ukuta." Imetosha. Kushoto na kuume havifai, kwa sababu kushoto kwako ni kuume kwa mwenzako aliyekuelekea. Sisi huitaja namba kwa Kifaransa, kama wengi wa hapa wanavyohesabu fedha, kwani hutoka mdomoni upesi. Ninyi chagueni mtakavyo, mradi wote wanne mtumie hesabu moja. Fahamuni pia kwamba namba ya dira hupimwa pale uliposimama wewe, hivyo mkiwa mmetawanyika itawadanganya wenzako, na hapo ni bora kuweka alama kwenye ramani.

Kunyamaza nako kuna kanuni zake. Anayezungumza sana kuliko wote kwa kawaida ni yule aliyeangushwa, yaani aliyepigwa akalala chini lakini bado anaweza kuinuliwa na wenzake, naye ndiye anayepaswa kusema sentensi moja tu, yaani alipigwa kutoka wapi, kisha aache wengine wasikie hatua. Wakati wa mapigano uamuzi uwe wa mtu mmoja, mtakayemchagua kabla ya mechi na kutombadilisha katikati. Si lazima awe mwenye shabaha kuliko wote. Wa kwetu ndiye anayekosa zaidi, lakini ndiye pekee anayekumbuka kutazama ramani.

Kosa lililotugharimu kuliko yote lilitokea kwenye daraja la kuelekea kambi ya jeshi, upande wa kusini wa Erangel, mojawapo ya ramani za mchezo. Mmoja wetu aliangushwa, nasi tukamkimbilia mmoja baada ya mwingine, tukaanguka kwa mpangilio uleule. Kumwinua mtu huchukua sekunde kadhaa, na muda wote huo anayeinua hawezi kupiga risasi. Utaratibu unaofaa ni huu: mwenzako akianguka, aliye karibu naye ampige mshambuliaji papo hapo, kwa kuwa amekwisha kujionyesha na huenda risasi zimemwishia, wa pili arushe bomu la moshi kati ya adui na aliyeanguka, wa tatu aanze kuinua moshi ukisha kutanda, si kabla. Ili hayo yawezekane, msiachane sana, kwani Erangel ina kilomita 8 kwa 8 na aliyekwenda peke yake kupekua nyumba za mji wa Pochinki hatawahi kufika. Wala msibanane nyuma ya mti mmoja, mkangoja guruneti liwamalize wote.

Kuhusu risasi, gawaneni wawili kwa wawili: wawili wabebe bunduki zinazotumia risasi za 5.56 kama M416, na wawili zinazotumia za 7.62 kama AKM, ili kila mmoja awe na wa kumpa na wa kumwomba.

Mwishoni, kama mmoja wenu ana simu inayoweza kurekodi kioo pamoja na sauti, sikilizeni kwa pamoja dakika ile moja iliyotangulia kuanguka kwenu. Mkisikia sauti tatu zikisemeana juu, kesho yake chezeni mechi mbili ambamo kiongozi peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema zaidi ya ile taarifa ya vitu vitatu.