Jinsi ya kwenda Sibiloi kutembea na kulala hemani bila kuishiwa maji

Sibiloi ni mbuga ya taifa ya Kenya, iko kule juu kabisa, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, kama kilomita 800 hivi kutoka Nairobi, na kabla hatujafika kwa mambo ya hema na viatu elewa kwanza kwamba hii safari inaamuliwa Marsabit. Ukitoka Marsabit mjini na maji pungufu, mafuta ya kubahatisha au spea moja ya taya, huko mbele hutapata pa kurekebisha. North Horr, kamji kadogo huko njiani, kuna maduka madogo na saa ingine utapata mafuta ya kwenye jerikeni, lakini usiyaweke kwenye hesabu yako.

Kwa hivyo anza na maji. Mimi nahesabu lita 6 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupika tu, kuoga sijaweka, halafu naongeza siku mbili za akiba manake gari ikikwama kule inaweza kulala hapo hapo. Mkiwa watu wanne mnaenda siku tano, hiyo inakuwa siku saba, lita 168, yaani jerikeni 9 za lita 20. Usiziweke zote kwenye gari moja. Na usijiambie kwamba ziwa liko pale, utachemsha ya ziwa, hapana, maji ya Turkana yana magadi na floridi nyingi na kuchemsha hakutoi hivyo vitu. Wenyeji wengine wanayanywa kwa sababu hawana mengine, na meno na mifupa yao inaumia.

Gari ziwe mbili, za juu, foo-wili. Lami ni nzuri kutoka Nairobi kupita Isiolo mpaka Marsabit, baada ya hapo njia wengi wanayofuata ni Maikona, Kalacha, North Horr halafu Alia Bay ambapo ndo kuna ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya). Njia hiyo inapita jangwa la Chalbi, na Chalbi ilikuwa ziwa zamani, ikikauka unateleza tu kama uwanja wa ndege lakini ikinyesha hata kidogo inakuwa tope inayomeza gari mpaka mlangoni. Uliza watu wa Kalacha au dereva wa lori aliyepita jana, wanajua kuliko ramani yoyote. Ukiona mawingu ngoja. Ile njia ingine ya Loiyangalani ina mandhari ya kushangaza kweli, lakini mawe ya volkeno huko yanakata taya, beba spea mbili kwa kila gari, pampu, sepetu na mbao za kuweka chini ya taya kwenye mchanga. Ukiingia mchanga toa upepo kidogo kwenye taya mapema, usingoje mpaka ushazama.

Malipo ya KWS yanafanywa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kwa hivyo lipa ukiwa bado na netwaki, na ramani pakua kwa simu kabla. Ndani ya mbuga usitegemee simu. Kama unaweza kukodi simu ya setilaiti kodi. Halafu kuna usalama: maeneo ya kule kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia yana historia ya wizi wa mifugo na mapigano ya jamii, kwa hivyo piga simu KWS kabla ya kutoka, uliza hali ya wiki hiyo, na uombe askari wa kuwasindikiza. Wengine wanaona hiyo gharama ni ya bure. Mimi naona ni ya lazima, na pia mtu anayeijua njia anakuokolea mafuta mengi.

Ukishafika, siku inapangwa na jua. Anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi kukianza kupambazuka, saa nne uwe tayari kivulini, halafu unatoka tena saa kumi jioni. Katikati hapo joto linaweza kupita digrii 35 kwa urahisi na miti ya kivuli ni ya kutafuta, kwa hivyo beba turubai la kufunga kati ya gari mbili. Vaa mikono mirefu, kofia pana, viatu vya kufunika vifundo manake miiba ya migunga ya huko inapita soli nyepesi. Chumvi za kuchanganya na maji zile za duka la dawa beba pakiti za kutosha. Mtu akianza kuumwa kichwa na kuacha kutokwa jasho, safari ya siku hiyo imeisha, mrudishe kivulini mumwagie maji hata kama mnayahesabu.

Hema nalo lina shida yake, ambayo ni upepo. Upepo wa Turkana unakuja na nguvu sana usiku mpaka asubuhi, na vigingi kwenye mchanga havishiki. Beba magunia madogo matupu, yajaze mchanga, funga kamba za hema hapo, na uweke hema nyuma ya gari upande usio na upepo. Usipige hema ndani ya laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, hata kama mchanga wake ni laini na unavutia, mvua ikinyesha mbali milimani maji yanakuja usiku na we hujaona hata tone. Kaa mbali na ufuo pia, mamba ni wengi sana na hawaogopi hema, na kuogelea usijaribu. Tochi kila ukitoka usiku, kagua viatu asubuhi, nge na nyoka wapo. Pika na gesi, kuni za kule ni kidogo na ni za wenyeji. Neti ya mbu usisahau. Kama hutaki hema kabisa kuna mabanda ya Makumbusho ya Taifa pale Koobi Fora, sehemu ya mbuga ambako mabaki ya kale yanachimbwa, ulizia kabla.

Nimesema magunia na sio mawe kwa sababu. Pale chini unapokanyaga ndo historia yenyewe. Richard Leakey alianza kazi Koobi Fora mwaka 1968, na mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya wa timu hiyo, akaona kwenye mteremko vipande vya fuvu la binadamu wa kale ambalo dunia inalijua kwa namba 1470, la karibu miaka milioni 1.9. Vilikuwa vipande vimetawanyika, mtu mwingine angepita akidhani ni changarawe. Umri unajulikana kwa kupima majivu ya volkeno kwenye tabaka za juu na chini ya mahali mfupa ulipo, kwa hivyo ukiokota ukauhamisha hata hatua kumi umeua habari yake. Usiokote chochote, hata kipande cha ule mti uliogeuka jiwe kwenye msitu wa mawe karibu na mlima Sibiloi. Ukiona kitu kinachofanana na jino au mfupa kiache, piga picha, mwambie mwongozaji. Yeye atakupeleka pia kwenye mabaki ya tembo, kobe mkubwa na mamba wa kale yaliyoachwa pale pale yalipopatikana na kujengewa kibanda, na hapo kaa, usikimbie kwenda kutafuta choroa na nyamera, hao watapita tu.

Kwenye visima vya Wagabra, wafugaji wa ngamia wa huko njiani, usioge wala kuosha gari, ngamia wametembea siku nzima kufika hapo, na picha omba kwanza.

Kabla ya kuondoka Alia Bay waambie askari unatoka na unapita njia gani, takataka zote rudi nazo Marsabit, na mafuta yakiwa chini ya nusu ya yale uliyokuja nayo usiongeze mzunguko wa Ileret, kule kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, geuza gari.