Dawa ya antibiotiki ikikushinda bei, soma yale maandishi madogo

Jamani mlioko Mwanza, ukipewa cheti cha antibiotiki usikubali bei ya kwanza. Mwezi uliopita mwanangu aliumwa sikio akaandikiwa Augmentin, duka la kwanza pale mjini bei ikanikata maini, nikamuuliza dada wa famasi hivi hakuna ya kampuni nyingine yenye dawa ileile? Akaleta boksi jingine, chini ya jina kwa maandishi madogo limeandikwa amoxicillin na clavulanic acid, miligramu zilezile kabisa, na chenji iliyobaki ikanitosha nauli ya kurudi Buzuruga na sato wa jioni. Kwahiyo mwambie daktari akuandikie jina la dawa yenyewe sio la kampuni, halafu ulizia maduka mawili matatu, na kama una bima anza na famasi ya hospitali kwanza. Ukiwa huna kitu kabisa na uko hospitali ya serikali nenda dirisha la ustawi wa jamii ukaombe msaada wa gharama, watu wengi hawalijui hilo. Ila usinunue nusu dozi tafadhali, bora umwambie daktari ukweli akubadilishie ya bei nafuu umalize zote.